Utani na Mwoga wa Ndege, Kisumu hadi Nairobi

Kabla ya kumtania mtu ndani ya ndege, tazama mikono yake. Mwenye hofu ya kawaida huchezea simu, hufunga na kufungua mkanda, huuliza mara tatu kama tutachelewa. Huyo anatafuta mtu wa kuongea naye. Mwenye hofu kali ameshika viegemeo vya kiti hadi vidole vimekauka, shingo imesimama wima, na macho ameyakaza kwenye mgongo wa kiti cha mbele kana kwamba kuna mtihani umeandikwa pale. Huyo hana nafasi ya mzaha. Hata uwe mzuri vipi, utampita kama matatu iliyojaa.

Safari yenyewe ni fupi. Kutoka Kisumu hadi Nairobi ni kilomita 260 na kitu ukipima kwa mstari ulionyooka, na ndege hukaa hewani kiasi cha dakika arubaini, arubaini na tano. Ndani ya muda huo humgeuzi mtu akapenda ndege. Kazi yako ni kumvusha tu. Sisi tuliozoea njia hii tumeona utani ukimvusha mtu salama, na tumeona utani huo huo ukimfanya mwingine aombe kuteremka kabla mlango haujafungwa. Msemaji anaweza kuwa yule yule, mcheshi yule yule. Kinachobadilika ni aliyeambiwa, dakika aliyoambiwa, na kitu kilichotaniwa.

Tuanze na yule mwenye shingo iliyosimama. Mtu akiogopa huvuta hewa ndani na kusahau kuitoa. Kifua kinajaa, moyo unakimbia, vidole vinaanza kufa ganzi, naye anaamini ni ndege inayomfanya hivyo. Mwambie avute pumzi kwa hesabu ya nne na kuitoa kwa hesabu ya sita, polepole, mdomo umebanwa kama anapuliza chai ya moto. Afanye hivyo mara nane au kumi. Kisha akunje na kukunjua vidole vya miguu ndani ya viatu, kwa sababu ni vigumu kukaza mwili wote wakati vidole vya miguu vina kazi. Mabega yakishuka kidogo, hapo ndipo mzaha unaweza kuingia. Nao ukiingia unaendeleza kazi ile ile: kicheko ni pumzi ya kutoa iliyokatwakatwa vipande, na hakuna anayeweza kucheka huku amebana hewa kifuani. Ndiyo maana kichekesho kidogo kilichotua kwa wakati wake kina faida kuliko hadithi ndefu ya kuvunja mbavu iliyochelewa dakika mbili.

Swali la kwanza kabla ya utani wowote ni la heshima tu: “Safari ni ya heri?” Kwenye njia hii si swali la bure. Ndege za kuja Kisumu kati ya Alhamisi na Ijumaa hubeba waombolezaji wengi wanaokwenda kuzika Siaya, Homa Bay, Vihiga, na mara nyingine marehemu mwenyewe yumo chini kwenye sehemu ya mizigo. Za kwenda Nairobi hubeba wagonjwa walioandikiwa hospitali za huko na ndugu wanaowasindikiza. Mtu wa namna hiyo anaweza kuonekana mwoga wa ndege kumbe hofu yake haina uhusiano na ndege. Akikujibu kwa sauti ya chini kwamba anampeleka mama yake, mpe pole, msaidie kuweka begi kwenye kabati la juu, na utani uishie hapo.

Halafu kuna umri na ukoo. Huku kwetu mtu hatanii ovyo. Babu na mjukuu ni watani, kwa hivyo kijana akiketi na mzee asiyemjua anaweza kujiita mjukuu kwanza: “Mzee, leo mimi ndiye mjukuu wako hadi Nairobi, ukiogopa nishike sikio.” Mzee akikubali ujukuu, mlango umefunguka. Watu wa rika moja wana utani wa mashemeji, ule wa timu za soka za Gor Mahia na AFC Leopards, wa samaki wa Wajaluo na kuku wa Waluhya, ambao kila upande una mawe yake ya kurusha. Huo ndio bora kuliko yote ndani ya ndege, kwa sababu anayetaniwa ana cha kurudisha. Mwambie Mluhya kwamba injini zimewaka kwa sababu zimesikia harufu ya kuku kwenye begi lake, naye atakujibu kwamba kama kungekuwa na samaki Mjaluo angekuwa tayari ameomba kiti cha dirishani amwonyeshe ziwa. Akishaanza kujibu, anafikiri. Akifikiri jibu, hasikilizi injini. Usiporudishiwa neno hata moja, acha; utani wa upande mmoja ni kejeli.

Na ukipangiwa kiti kando ya mama mkwe, kaka, muombe mhudumu akubadilishie. Hilo halina uhusiano na hofu ya ndege, lakini tusijifanye hatulijui.

Mizaha isiyofanywa kabisa ni michache. Ya kwanza ni ya bomu. Usilitaje neno hilo kwenye ukaguzi, usilitaje kwenye foleni, usilitaje ndani, kwa lugha yoyote, hata kama begi lako limebeba mafuta ya samli tu na unataka kumchekesha askari. Hakuna anayeruhusiwa kuamua kwamba ulikuwa unacheka. Tarehe 20 Desemba 2015 ndege ya Air France iliyotoka Mauritius kwenda Paris ililazimika kutua Mombasa usiku, ikiwa na abiria 459 na wahudumu 14, kwa ajili ya kitu kilichokutwa chooni. Kilipochunguzwa kilikuwa kadibodi, karatasi na saa ya kuhesabia dakika. Watu wote walishushwa, polisi wakahoji, safari ikavurugika. Mwoga aliye karibu nawe akiona unavutwa kando na askari, hiyo safari ameshaikata kichwani mwake hata kama mtaachiwa.

Ya pili ni mizaha ya kuanguka. Watu huipenda kwa sababu ni rahisi: “Tukianguka tutaangukia sufuria ya nani?” Lakini huku magharibi neno kuanguka lina majina ya watu. Tarehe 24 Januari 2003 ndege ndogo iliyobeba mawaziri ilianguka ikiruka kutoka kiwanja cha Busia, na waziri Ahmed Khalif akafa. Tarehe 10 Machi 2019 ndege ya kutoka Addis Ababa kuja Nairobi ilianguka na watu 157 wote wakafa, Wakenya wakiwa zaidi ya 30. Tarehe 18 Aprili 2024 Mkuu wa Majeshi ya Kenya, Jenerali Francis Ogolla, alikufa kwenye helikopta kule Elgeyo Marakwet, akazikwa kwao Siaya. Hujui aliyekaa kando yako alisimama kwenye kaburi gani. Yeye mwenyewe akitania kuhusu kuanguka, na waoga wengi hufanya hivyo ili wajipe ujasiri, cheka naye kidogo, usiongeze lako.

Ya tatu huonekana ni msaada, si mzaha: kulinganisha na barabara. “Mbona unapita Salgaa usiku, pale pa ajali nyingi, huogopi?” Ni kweli kabisa kwamba ndege za abiria ni salama kuliko barabara ya Kericho na Mau Summit. Lakini aliyeogopa hasikii hesabu. Anachosikia ni kwamba sasa hata basi la kurudi nyumbani ni la kuogopwa. Tumewaona wakishuka Nairobi wameshaapa kutorudi kwa ndege wala kwa gari, na sijui wangerudi kwa nini. Ule mwingine wa “siku yako ikifika imefika” umezeeka, na jibu lake ni la kale vile vile: na kama ni siku ya rubani?

Haya, utani unaofaa ni upi? Ni ule unaotaja kitu kabla hakijatokea. Sehemu kubwa ya hofu ya ndege ni hofu ya sauti na mitikisiko isiyo na jina. Ukijua mpangilio wake, unaweza kuugeuza mchezo wa kubahatisha na kuwekeana soda. “Mama, nasema kabla hujamaliza kuhesabu hamsini tutasikia kitu kinagonga chini. Kikigonga, soda yangu. Kisipogonga, soda yako.” Sauti ikija, haiji kama ajali; inakuja kama deni. Na utamu zaidi uko kwenye kukosea. Ukisema itagonga mara moja na ikagonga mara mbili, atakurukia: “Ulisema moja! Toa soda!” Hicho kicheko cha kukukamata ni kirefu kuliko vyote, kwa sababu ni yeye amekuwa mwalimu na wewe umekuwa mwanafunzi aliyeanguka mtihani.

Kwa hivyo ni lazima uujue mpangilio. Tuchukue Dash 8-400, ile ndege ya mapanga yanayozunguka mbele ya injini, yenye mabawa juu ya madirisha, ambayo imezoeleka sana njia hii na hubeba abiria 78 au karibu na hapo.

Mlango ukifungwa, Kisumu huwa na jambo lake: joto na unyevu wa ziwa. Hewa baridi ya mashine ikikutana na unyevu huo, moshi mweupe hutoka juu ya vichwa vya watu, kwenye vitundu vya hewa na pembeni mwa dari. Ni mvuke, kama unaotoka kinywani asubuhi ya Timboroa. Hauna harufu na hupotea hewa ikikauka. Wengi hudhani ni moto, na huwa wanauona kimya kimya bila kuuliza. Wahi: “Naona wameinjika chai.” Kisha umweleze.

Mapanga yakianza kuzunguka, sakafu hutetemeka, na waliokaa sambamba nayo husikia ngurumo zaidi. Hapa kuna jambo la kuamua wakati wa kuchagua kiti. Katikati, karibu na bawa, ndege hutikisika kidogo kuliko mkiani, kama vile katikati ya ubao wa bembea husogea kidogo kuliko ncha. Lakini kwenye ndege ya mapanga, hapo hapo ndipo penye kelele. Anayeogopa mtikisiko akae karibu na bawa na avumilie kelele. Anayeogopa kelele asogee nyuma ya bawa safu kadhaa. Mkiani kabisa asikae. Dirisha au kijia? Muulize mwenyewe. Kuna anayetulia akiona chini na kuna anayetulia akijifanya yuko sebuleni.

Ndege ikikimbia kwenye njia ya kurukia, hesabu kwa sauti ya chini kuanzia moja. Kiwanja cha Kisumu kina njia ya kurukia ya kilomita 3.3, ndefu mno kwa ndege hii, kwa hivyo itanyanyuka kabla ya nusu yake, mara nyingi hujafika hata thelathini. Msikilize mwoga wako: ameshahesabu mia kichwani. Hesabu yako ya kweli inafupisha ile yake.

Ikishanyanyuka, hapa ndipo pa kukaa macho. Sekunde chache tu baadaye magurudumu hupanda, na kwenye Dash hufungiwa ndani ya ganda la injini, moja kwa moja mbele ya macho ya aliye dirishani chini ya bawa. Gurudumu hujikunja, milango yake hujifunga, na sauti yake huja kama mtu anayefunga kabati kwa hasira. Aliyeahidiwa kwamba ataona gurudumu likiingia kitandani hulingoja kama tamasha. Asiyeambiwa huona kipande cha ndege kinasogea na anadhani kinang'oka.

Kisha, ndani ya dakika moja au mbili za mwanzo, sauti ya injini hupungua ghafla. Hii ndiyo inayowavunja wengi. Mwili unahisi ndege imeachiliwa, tumbo linapanda, na mtu anasadiki injini imezima. Ukweli ni kwamba wakati wa kuruka mapanga huzunguka mara 1,020 kwa dakika, na rubani akishapata urefu wa kutosha huyapunguza hadi 900 kwa kupanda, kisha 850 ndege ikifika juu na kunyooka. Ni kama dereva wa lori aliyemaliza kupanda mlima akabadilisha gia. Wakati huo huo flapu, vile vibao vya nyuma ya bawa, zinarudi ndani na kutoa mlio wa kuzunguka. Weka soda yako hapa. “Sasa hivi atapunguza moto kama mama anayechemsha maharagwe. Usikie.” Akiisikia, mwambie bado mara moja ya pili, tukifika juu. Atasubiri hiyo ya pili njia nzima ya kupanda, na anayesubiri sauti haikimbii.

Kuna na kona. Upepo wa ziwa ukiwa unavuma mchana, ndege hupaa kuelekea majini, kwa sababu ndege hupaa ikitazama upepo. Ikishapaa inabidi igeuke kurudi mashariki, na inapogeuka bawa la upande mmoja hushuka na dirisha lote hujaa maji. Mteremko huo kwa kawaida hauzidi digrii 30. Kwa aliye upande wa chini inaonekana kama tunamwagwa. Mwambie mapema kwamba ndege itainamisha sikio kusalimia Usoma, pale kando ya kiwanja, kisha itanyooka. Atazame juu ya kiti cha mbele, asitazame dirisha hadi inyooke.

Misukosuko ya hewa inataka maelezo marefu kidogo, maana ndiyo watu huota usiku. Magharibi hii mwendo wake unajulikana. Asubuhi hewa imetulia. Jua likipanda, nchi kavu hupata joto upesi kuliko ziwa, hewa ya ziwa huvutwa kuelekea nchi kavu, inakutana na milima ya Nandi na Kericho, inapanda, na kuanzia saa tisa alasiri hivi mawingu yameshajenga minara. Kericho na Nandi ni kati ya sehemu zinazonyeshewa mvua ya mawe mara nyingi sana. Wenye mashamba ya chai wanaijua. Usiku mambo hugeuka na ngurumo huhamia juu ya ziwa. Kwa hivyo dawa ya kwanza ya mwoga hainunuliwi: akate tiketi ya asubuhi. Ya jioni ya Aprili ni ya wenye moyo mgumu. Hata siku tulivu, pale ndege inapovuka ukingo wa Mau na Bonde la Ufa, na tena inapokaribia milima ya Ngong, hewa inayopita juu ya milima hupanda na kushuka kama maji ya mto Nyando juu ya mawe. Hapo mwambie mapema, “Tunaingia kwenye matuta ya Mau,” kama kondakta anavyotangaza steji.

Mtikisiko ukianza, usiseme “si kitu.” Kwake ni kitu. Chukua chupa ya maji iliyojaa nusu, iweke kwenye meza ya kukunja, umwambie aitazame. Mwili wake unamwambia kwamba tumeshuka mita mia. Maji yanacheza kidogo tu, yanapanda ukingoni na kurudi, pungufu ya yanavyocheza ndani ya matatu kwenye barabara yenye matuta. Ndege yenyewe mara nyingi imeshuka au kupanda mita chache. Hapo una mchezo mwingine: kila maji yakigusa kifuniko, wewe unatoa shilingi kumi. Utatoka na pesa zako zote.

Akiuliza kuhusu bawa, na ataliuliza kwa sababu ameliona linapepea, jibu lipo. Ndege za abiria hutengenezwa zibebe mara mbili na nusu ya uzito wao bila kuharibika, kisha huongezewa nusu ya hapo juu yake kabla ya kuvunjika, yaani mara 3.75. Bawa linalopinda linafanya kazi yake, kama muanzi wa mvuvi. Usimpe hesabu hiyo yote akiwa amebana hewa. Mpe muanzi peke yake. Radi je? Ndege za abiria hupigwa na radi, kwa wastani kila moja kama mara moja kwa mwaka, na umeme hupita kwenye ganda la nje na kutoka upande mwingine. Rubani ana rada ya kuonyesha mvua nzito na huizunguka. Ndiyo sababu siku nyingine safari ya dakika arubaini inakuwa sitini, na ndiyo sababu siku nyingine mnakaa Kisumu mkitazama wingu la Nandi kupitia kioo. Injini moja ikizimika wakati wa kuruka, iliyobaki inatosha kupandisha ndege na kuirudisha; bila uwezo huo ndege ya namna hii hairuhusiwi kubeba abiria.

Mkanda uwe umefungwa muda wote, ukipita chini kwenye nyonga na si juu ya tumbo, hata kwa mjamzito. Wengi wa wanaoumia kwenye misukosuko ni wale walioufungua. Hapa hatutanii, na mtani mzuri anajua kubadilisha sauti. Kumwambia mtu “funga mkanda, dada,” kwa uso mkavu, kunampa imani kwamba ile mizaha mingine haikuwa ya mjinga.

Kama soda zimekwisha na maneno yamekwisha, muulize kitu anachokijua kuliko wewe. Muuza omena, wale dagaa wa ziwani, aulizwe huosha mara ngapi ili mchanga utoke, na kwa nini wa jana ni mchungu. Mwalimu aulizwe jina la mwanafunzi mtundu kuliko wote. Fundi wa boda aulizwe kwa nini mnyororo hukatika. Kisha mbishie kidogo. Mtu hawezi kukuachia uongo kuhusu kazi yake hata kama ndege inacheza. Kosea kwa makusudi: sema omena huoshwa mara moja tu. Utaelezwa hadi Naivasha ipite.

Kahawa mnyime kwa upole, maana inaongeza mbio za moyo ambao tayari unakimbia. Pombe nayo inamlegeza kwa dakika chache na kumrudishia hofu na kichwa kizito. Mpe peremende au chingamu, hasa wakati wa kushuka, kwa ajili ya masikio. Hewa ya ndani ya ndege juu huwa nyepesi kama ya mji wa juu, na haizidi wepesi wa ile ya mita 2,400, yaani juu kidogo kuliko Eldoret. Kiwanja cha Nairobi kiko mita 1,600 na kitu, cha Kisumu 1,100 na kitu. Kwa hiyo masikio husumbua zaidi unapotua Kisumu kuliko unapotua Nairobi: kuna mita karibu 500 zaidi za kushuka. Ameze mate, apige miayo, au abane pua na kupuliza taratibu, si kwa nguvu. Mtoto mchanga anyonye. Mwenye mafua makali afikirie kuahirisha safari.

Kushuka kuna sauti zake pia, na mchezo unaendelea. Flapu zinatoka, mlio wa kuzunguka unarudi. Magurudumu yanashuka, kabati lile lile linafunguliwa kwa hasira, na upepo unaanza kuvuma kwa nguvu chini. Ndege inaweza kukaribia ardhi kisha injini zikanguruma na ikapaa tena. Ni nadra, lakini hutokea, kwa mfano ikiwa ndege iliyotangulia haijatoka kwenye njia au ndege wa angani wamezagaa. Marubani hulifanyia mazoezi jambo hilo mara kwa mara. Utani hapa uwe mfupi: “Amesahau kitu jikoni.” Kisha ngojeni atangaze.

Kwa wanaorudi Kisumu kuna moja ya mwisho. Ndege ikija kutua kutokea ziwani, dirishani ni maji, maji, maji, yanakaribia, mashua za wavuvi zinakuwa kubwa, na hakuna nchi kavu. Hata wasioogopa hukaza miguu. Mwambie mapema kwamba njia ya kutua iko mbele ya pua na dirisha la pembeni haliioni, na kwamba nchi kavu itachomoza chini ya gurudumu muda mfupi tu kabla ya kugusa. Akubahatishie ni mashua ngapi ataona kabla ya nyasi. Njia ikiwa na maji ya mvua, rubani hukita magurudumu kwa nguvu makusudi ili yashike lami na yasiteleze juu ya maji. Hicho kishindo ni muhuri. Baadaye injini zitanguruma kwa ajili ya kupunguza mwendo, na ndiyo sauti ya mwisho kwenye orodha ya soda.

Mkitoka, kuna watu wanamngoja nje kwenye maegesho: mume, watoto, shangazi aliyekuja na maua. Usiwaambie. Usiseme alikushika mkono hadi ukafa ganzi, wala kwamba aliimba wimbo wa kanisa juu ya Kericho. Hayo ni mali yake. Ataamua mwenyewe kama atayasimulia, na akiyasimulia atatia chumvi: bawa litakuwa lilipiga makofi, maji ya chupa yatakuwa yalifika darini, na wewe utakuwa ndiye uliyelia. Akikugeukia akuulize, “Si ndivyo?” mwambie ndivyo, na umkumbushe anakudai soda nne.